Mzigo uko kwenye kalenda: kumsaidia kijana anayelemewa na masomo ya shule ya kimataifa

Jumapili, saa 5:40 usiku. Taa ya chumbani bado inawaka. Mama anagonga mlango, anachungulia, anauliza, "Hujalala tu?" Kijana hageuzi hata shingo. "Niko sawa, mama." Kwenye kompyuta yake kuna kurasa kumi na mbili zimefunguliwa: ripoti ya jaribio la baiolojia ambayo namba zake zimegoma kukaa sawa, insha ya historia yenye aya moja na nusu, fomu ya maombi ya chuo kikuu, na ujumbe wa mwalimu unaokumbusha kwamba Alhamisi ndiyo mwisho. Mama anatamka lile neno ambalo wengi wetu tumelelewa nalo: "Jitahidi, mwanangu." Anafunga mlango taratibu. Huko ndani kijana analaza kichwa juu ya meza.

Neno lenyewe halina ubaya. Ila kuambiwa jitahidi ni kuambiwa kwamba kilichopungua ni bidii, na mtoto aliyekaa mezani tangu saa nane mchana anajua fika kwamba bidii anayo. Kilichompungukia ni saa. Nimeongea na wazazi wengi wa namna hii, nami nimekuwa mmoja wao, na kosa letu linafanana: tunauchukulia msongo wa mtoto kama jambo la moyo, la kutiwa nguvu au kukemewa, ilhali sehemu kubwa yake ni jambo la ratiba. Unatokana na namna mfumo wa shule ulivyojengwa. Mzazi asiyeujua mfumo huo anasukuma gari ambalo breki yake haijaachiwa.

Mashine inavyofanya kazi

Wengi wetu tulisoma kwa mtindo wa mtihani mmoja mkubwa mwishoni. Ukiteleza muhula wa pili hakuna aliyekumbuka, mradi miezi mitatu ya mwisho ulikesha, ukaibuka na alama nzuri. Ndio uzoefu tunaowapa watoto kama ushauri, na kwao hauna kazi sana.

Chukua International Baccalaureate, maarufu kama IB, mfumo uliozaliwa Geneva mwaka 1968. Katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari mwanafunzi wa diploma hubeba masomo 6, kwa kawaida 3 ya ngazi ya juu na 3 ya ngazi ya kawaida. Somo la ngazi ya juu limepangiwa saa 240 za kufundishwa, la kawaida saa 150. Kila somo hupewa alama kuanzia 1 hadi 7, kwa hiyo masomo yote sita yanafika 42. Alama 3 zinazobaki ili kukamilisha 45 zinatoka kwenye vitu viwili: insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na somo linaloitwa Nadharia ya Maarifa. Kisha kuna shughuli za ubunifu, mazoezi ya viungo na huduma kwa jamii. Hizi hazina alama hata moja, lakini asiyezikamilisha hapati diploma. Alama ya chini kabisa ya kufaulu ni 24, pamoja na masharti mengine yanayoambatana nayo.

Ukiisoma aya hiyo harakaharaka utaona masomo sita tu na insha moja. Mtoto anaona kitu kingine. Karibu kila somo lina kazi ya tathmini ya ndani ambayo mwanafunzi anaifanya mwenyewe kwa wiki kadhaa: uchunguzi wa sayansi, utafiti wa hisabati, mazungumzo ya lugha yanayorekodiwa. Mwalimu wake anaisahihisha, kisha sampuli hupelekwa nje kuhakikiwa. Katika sayansi kazi hiyo ni asilimia 20 ya alama nzima. Zidisha kwa masomo sita, ongeza insha ndefu, ongeza maonyesho na insha ya Nadharia ya Maarifa. Kila mwalimu anapanga tarehe yake akiliangalia somo lake, na tarehe hizo huwa na tabia ya kurundikana kwenye mwanzo na katikati ya mwaka wa pili.

Sasa weka juu yake maombi ya vyuo. Anayeomba Oxford, Cambridge au udaktari popote Uingereza hufungiwa mlango tarehe 15 Oktoba. Kozi nyingine nyingi ni Januari. Vyuo vingi vya Marekani vinavyopokea maombi ya mapema huweka tarehe 1 Novemba, na maombi ya kawaida huishia karibu na mwanzo wa Januari. Uholanzi, kozi zenye idadi maalumu ya nafasi hufungwa 15 Januari. Kijana anayejaribu nchi tatu hajazi fomu ileile mara tatu. Uingereza wanataka aeleze kwa nini analipenda somo, Marekani wanataka hadithi ya maisha yake, na juu ya hapo kila chuo kina maswali yake ya ziada. Hapo ndipo maji yanapozidi unga.

Kuna kitu kingine ambacho wazazi wachache hukijua, nacho kwa maoni yangu ndicho kinachowanyima vijana usingizi kuliko mtihani wenyewe: alama za makadirio. Vyuo vingi huamua kumpa mwanafunzi nafasi kabla hajafanya mtihani wa mwisho, kwa kutegemea alama ambazo walimu wake wanakadiria atazipata. Mwalimu naye hakadirii hewani. Anatazama majaribio ya darasani, mtihani wa moki, kazi za mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtoto anayeogopa kajaribio ka dakika arobaini kana kwamba ni mtihani wa kufa na kupona hatii chumvi kiasi tunachodhani. Mzazi akimwambia "acha woga, hilo ni jaribio tu," mtoto anahitimisha kwamba huyu mzee hajui kinachoendelea, na siku nyingine hamwambii.

Mifumo mingine ina sura yake. Ule wa bodi ya mitihani ya Cambridge huanza na mitihani ya IGCSE, mara nyingi kwa watoto wa miaka 14 hadi 16, yenye alama kuanzia A* hadi G, halafu A-Level ambamo mwanafunzi hubakiza masomo matatu au manne tu. Masomo yamepungua lakini kina kimeongezeka, na karibu kila kitu kinaamuliwa ndani ya wiki chache za karatasi za mtihani, Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Kuna nafuu ambayo si kila familia huambiwa: Cambridge inaruhusu kufanya sehemu ya AS, yaani hatua ya kwanza ya A-Level, mwaka wa kwanza na kuibeba alama hiyo hadi A-Level. Shule za mtaala wa Kimarekani hazina kilele kimoja cha namna hiyo, ukiacha mitihani ya AP, ya masomo ya kiwango cha chuo, ya mwezi Mei inayopewa alama 1 hadi 5. Huko wastani wa alama hukusanywa miaka yote minne, hivyo msongo wake hudondoka tone kwa tone, na muhula mbaya haufutiki.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni mkavu kabisa. Omba kalenda. Usiombe ile ya likizo na siku ya michezo. Omba ya tarehe za kuwasilisha kazi, za masomo yote, kwa miaka yote miwili. Shule nyingi zinayo, na mratibu wa programu anaijua kichwani. Kaeni mezani, wewe na kijana, na karatasi kubwa. Mwache yeye ndiye aandike. Baada ya nusu saa mtaona pale palipo na kazi nne ndani ya siku tisa, na mtaona pia wiki mbili tupu kabla yake ambazo hakuna aliyewahi kuzigundua. Rasimu ya insha ndefu inaweza kuhamia huko.

Jambo la kujua hapa: tarehe nyingi za kuwasilisha ni za shule, na ni za mapema kuliko tarehe ya bodi ya mitihani. Shule huziweka ili walimu wapate muda wa kusoma na kusahihisha. Maana yake kuna upenyo. Mwanafunzi anayemwendea mwalimu wiki tatu kabla na kusema, "Nina kazi nne wiki hiyo, naweza kukupa hii mapema au baadaye kidogo?" mara nyingi husikilizwa. Anayekwenda usiku wa kuamkia siku hiyo anaonekana mzembe, hata kama hadithi ni ileile.

Anaongea vizuri, lakini anazama

Kwa familia nyingi lugha ya kufundishia si lugha ya nyumbani, na hapa kuna mtego unaowanasa hata walimu wazuri. Mtafiti wa Kanada Jim Cummins alionyesha tangu mwaka 1979 kwamba ndani ya lugha moja mna stadi mbili. Ya kwanza ni ya mazungumzo: utani, mabishano ya uwanjani, simu. Mtoto mgeni huipata ndani ya miaka miwili hivi. Ya pili ni ya kitaaluma, ile ya kusoma sura ya uchumi na kuandika hoja yenye mashiko. Hiyo huchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake wazawa wa lugha.

Piga hesabu. Aliyehamia shule ya Kiingereza akiwa na miaka 13 atafanya IGCSE akiwa na 16 huku lugha yake ya masomo ikiwa nusu ya safari. Ila lafudhi yake imeshakuwa safi na anawachekesha wenzake, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Alama zikishuka tunasema amezembea, ameanza marafiki wabaya, simu imemharibu.

Tazama karatasi yake kwa karibu. Swali linasema: "Tathmini ni kwa kiasi gani mageuzi hayo yalifanikiwa." Mtoto ameandika kurasa mbili na nusu, kila tarehe sahihi, kila jina sahihi, na kando mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umeeleza tu." Amepewa chini ya nusu ya alama. Hakukosa historia. Hakujua kwamba "tathmini" inadai hukumu, na "eleza" haiidai. Bodi za IB na Cambridge zote mbili zina orodha ya maneno haya ya maagizo pamoja na maana zake. Iombeni, mkae nayo jioni mbili, na mtoto amweleze mzazi kila neno kwa lugha ya nyumbani. Ni saa tatu za kazi, na huenda zikamfaa kuliko tuisheni ya mwezi mzima.

Nikiwa hapohapo: wapo wazazi walioambiwa waache kuongea lugha yao nyumbani ili Kiingereza kikomae. Ushauri huo ni mbovu. Cummins huyohuyo alisisitiza kwamba dhana mtoto aliyoielewa kwa lugha ya kwanza huvuka nayo kwenda ya pili. Anachobaki kutafuta ni maneno. Baba anayeweza kueleza mfumuko wa bei kwa lugha ya mama yake anamsaidia mtoto mtihani wa uchumi, hata kama hajawahi kukifungua kitabu chake. Na IB yenyewe inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza katika ngazi ya kawaida hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, kwa utaratibu wa kujisomea akisimamiwa. Kwa mtoto anayejiona mjinga saa zote katika lugha ya wengine, somo moja analolimudu kwa lugha yake ni pumzi.

Kuhama nako kuna mzigo wake. Mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem, katika miaka ya 1950, ndiye aliyewatazama watoto wanaokulia nje ya nchi za wazazi wao na kuwaita watoto wa utamaduni wa tatu. Wengi wao hukomaa mapema, wana lugha nyingi na macho mapana. Pia kila mwisho wa mwaka wa masomo huwaaga marafiki. Ukiona kijana ameporomoka kimasomo mwezi wa tisa, kabla ya kuuliza habari za hisabati, uliza nani amehama.

Deni lisilotajwa

Ada za shule hizi ni kubwa, na watoto wanajua. Hawahitaji kuambiwa. Wanasikia simu za benki kupitia ukuta, wanaona safari iliyoahirishwa. Mzazi anayesema kila muhula "unajua tunalipa kiasi gani?" anadhani anaamsha bidii. Kwa kijana kila alama inageuka kuwa marejesho ya mkopo, na 5 pale ilipotarajiwa 6 inakuwa wizi.

Mwanasaikolojia Suniya Luthar alitumia zaidi ya miaka ishirini kuwachunguza vijana wa shule za Marekani zenye ushindani mkubwa, nyingi zikiwa za familia zenye uwezo. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwatumia kama kundi la kulinganishia na vijana wa mitaa maskini, akakuta jambo ambalo halikutarajiwa: katika wasiwasi, huzuni na matumizi ya vileo, wale wenye nafasi ndio waliokuwa pabaya zaidi. Baadaye yeye na wenzake waliwauliza watoto wanadhani wazazi wao wanathamini nini zaidi, wema kwa watu au mafanikio. Waliodhani mzazi anatanguliza mafanikio, hasa wale waliomwona pia mzazi kama mkosoaji, ndio waliokuwa na hali mbaya kiakili, na hata alama zao hazikuwa bora. Kumbuka kwamba walipimwa kwa kile watoto walichodhani. Huenda mzazi moyoni alitanguliza wema. Lakini swali lake la kwanza mtoto akiingia ndani lilikuwa, "Umepata ngapi?"

Jaribu kulinyamazia swali hilo kwa wiki mbili. Ni gumu kuliko linavyosikika. Mimi nilishindwa siku ya tatu. Mtoto atakuambia alama zake mwenyewe, pengine ukiwa unaendesha gari, maana vijana hufunguka wasipotazamwa usoni. Akikuambia kashindwa, usikimbilie suluhisho. "Pole. Ilikuwaje?" inatosha kwa dakika kumi za kwanza. Kisha uliza kitu kimoja chenye manufaa: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia pamoja?" Nilidhani swali hilo ni la vitabuni mpaka nilipojibiwa, "Nisikilize tu," na sauti yenyewe ikawa imeshatulia.

Mwili hauna muhula wa pili

Msongo si ugonjwa. Watafiti wa Marekani Yerkes na Dodson waligundua mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba kichocheo kidogo huboresha ujifunzaji na kikizidi huuharibu, hasa kazi inapokuwa ngumu. Panya si watoto, lakini kila aliyewahi kufanya mtihani anaitambua hali hiyo. Moyo kudunda kidogo kabla ya karatasi ni mwili unajiandaa. Anayemwambia mtoto aondoe woga wote anamtuma kazi isiyowezekana, na sasa mtoto anauogopa woga wenyewe.

Kinachogeuza msongo wa kawaida kuwa uharibifu, mara nyingi, ni usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Katika umri huo saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa ukilinganisha na utotoni. Kijana asiyesikia usingizi saa nne usiku hafanyi kiburi. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2014 kwamba sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likaiweka hoja hiyo kuwa sheria kwa shule zake za sekondari ya juu kuanzia mwaka 2022. Shule nyingi hazijafuata. Kengele ikilia saa moja na nusu, mtoto aliyelala saa saba usiku amekwenda darasani na deni.

Deni hilo hulipwa na kumbukumbu, kwa sababu yale aliyosoma mchana hupangwa na kutunzwa usingizini. Kukesha ili kusoma zaidi ni kumwagia maji pakacha. Mzazi hawezi kumsaidia kijana fizikia ya ngazi ya juu, lakini anaweza kuilinda saa ya kulala: simu zote za nyumba, pamoja na ya mzazi, zikae sebuleni, wikiendi mtoto asivuke sana saa yake ya kawaida ya kuamka, na pale kazi isipoisha saa tano usiku, mzazi awe ndiye anayesema, "Iache. Kesho nitamwandikia mwalimu." Kwa wengi wetu sentensi hiyo inatoka kwa shida, kama jino.

Njia ya kusoma nayo huokoa saa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi. Wengine wakayasoma na kuyarudia, wengine wakayasoma mara moja kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza. Hizo dakika 5 ndizo zinazowadanganya watoto: kupaka rangi mistari ya kitabu kunampa mtu hisia ya kujua. Kijana anayefunga daftari na kuandika anachokumbuka anajisikia mjinga, na ndiye anayejifunza. Hapa mzazi asiyejua somo anafaa kabisa. Shika kadi zake, soma swali, subiri. Usisahihishe lolote.

Kuhusu tuisheni nitasema machache. Ya somo moja, kwa pengo linalojulikana, kwa miezi michache, inafaa. Ya masomo manne kila jioni ni kumchukulia mtoto zile saa chache alizobaki nazo. Vilevile uchaguzi wa masomo si kiapo. Panda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini kushuka kupo: miezi ya mwanzo shule nyingi humruhusu mwanafunzi kutoka ngazi ya juu kwenda ya kawaida. Kabla ya kushuka, angalieni kozi anayoitaka chuoni inadai nini. Kama haidai, kung'ang'ania ni fahari tu, na mara nyingi fahari hiyo si ya mtoto.

Pale isipokuwa masomo tena

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na katika nyumba zenye watoto wazuri mshindo huo hushtua zaidi kwa sababu hakuna aliyetazamia. Kulalamika, kununa, kulia baada ya mtihani mbaya ni ishara za kijana anayebeba mzigo. Wasiwasi uanze pale mambo yanapodumu wiki mbili au zaidi: ameacha vitu alivyovipenda, hali au anakula kupita kiasi, analala mchana kutwa au halali kabisa, kichwa na tumbo vinamuuma kila asubuhi ya shule, anajitenga, anajiita mzigo. Akitaja kifo, hata kwa utani, au ukiona alama za kujiumiza mwilini, usingoje mtihani upite. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, ila humpa mahali pa kulitua. Usimwache peke yake, na mpelekeni kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Kwa hali zisizofika huko, shule ya kimataifa kwa kawaida ina mshauri nasaha wa wanafunzi, mtu tofauti na mshauri wa vyuo, wazazi huwachanganya. Kama tatizo lina jina la kitabibu, liwe wasiwasi uliothibitishwa, shida ya usomaji au ugonjwa wa muda mrefu, bodi za mitihani zina utaratibu wa mazingira maalumu: muda wa ziada, ambao mara nyingi ni asilimia 25, chumba cha pekee, mapumziko, kompyuta. Hutolewa kwa nyaraka, na maombi hupita shuleni miezi mingi kabla. Mzazi anayeficha ripoti ya daktari kwa kuona aibu anamnyima mtoto haki ambayo mwenzake wa dawati la jirani anaitumia.

Halafu kuna siku ya matokeo. Ya IB ya Mei hutoka mapema Julai, ya A-Level katikati ya Agosti, na mtoto huyafungua mwenyewe kwenye mtandao. Muulizeni kabla anataka kuyafungua akiwa na nani, na jibu "peke yangu" liheshimiwe. Kundi la wazazi la WhatsApp litaanza kutema alama za watoto wa wenzenu ndani ya dakika chache. Linyamazisheni tangu jana yake. Alama zikikosa kiwango cha chuo, mpigieni chuo kwanza, kwa sababu vyuo vingine humpokea aliyekosa alama moja au mbili, na mwenye kuongea awe ni kijana. IB ina mtihani wa marudio wa Novemba. Ombi la kusahihishwa upya lipo pia, ila alama yaweza kushuka kama inavyoweza kupanda, hivyo huhitaji ridhaa ya mwanafunzi, na hupitia kwa mratibu wa shule. Julai shule nyingi zimefungwa. Namba ya mratibu iwe kwenye simu yenu kabla hajaondoka likizo.